Bei ya kadi ya Pokémon: pa kuiangalia kabla ya kurekodi video
Anza na namba iliyo chini ya kadi. Kadi ya Charizard, joka wa Pokémon, ya 1999 ni 4/102, ila ipo yenye muhuri wa toleo la kwanza, ipo isiyo na kivuli pembeni mwa picha, na ipo ya kawaida. Ukizichanganya, bei yote imeharibika.

TCGplayer ni soko la kadi mtandaoni la Marekani. Cardmarket ni la Ulaya, kwa euro. Naiamini zaidi eBay, ukichuja zilizouzwa tu, maana bei wanazoomba wauzaji ni ndoto. Bei iliyokatwa mstari? Muuzaji alikubali pungufu.

Taa za umeme wa 50 Hz zikipepesa kwenye video, weka fremu 25 kwa sekunde na shata (muda wa kamera kupokea mwanga) 1/50 ya sekunde. Kadi inayong'aa iinamishe kidogo, mwanga utoke ubavuni.