Siku Moja Maishani Mwangu: Shemasi wa Mfuko wa Wahitaji

Watu wengi humwona shemasi Jumapili tu, akipitisha kikapu cha sadaka, na hudhani utumishi wake huishia hapo. Mimi nimekabidhiwa mfuko wa wahitaji wa kanisa letu, na kazi hiyo ni ya siku za juma. Ndiyo kazi ambayo wale wanaume saba wa Matendo ya Mitume sura ya 6 waliwekewa mikono ili waifanye, wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walipokuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Naiona kuwa heshima kubwa.

Saa kumi na moja alfajiri naamka na kuwaombea kwa majina wale nitakaowatembelea. Saa mbili niko ofisini na mweka hazina, tunalinganisha daftari na stakabadhi, kisha mchungaji anatia sahihi hati za malipo.

Saa nne anafika muumini mmoja mwenye uwezo, na mifuko mikubwa ya nguo. Anataka wahitaji waitwe wakusanyike, apigwe nao picha, na jina lake litajwe Jumapili. Nafungua mfuko wa kwanza mbele yake: mashati yaliyochakaa kola, suruali yenye zipu iliyokatika, sweta iliyotobolewa na nondo, na kiatu kimoja kisicho na mwenzake. Namweleza kwa adabu kwamba nyingi ya nguo hizi sitaweza kumpa mtu. Ananijibu, “Shemasi, mwenye shida hachagui.” Neno hilo linanichoma, kwa sababu nawafahamu hao wenye shida, na najua jinsi wanavyojitahidi kuja ibadani wakiwa nadhifu. Namkumbusha Mfalme Daudi, ambaye Arauna alitaka kumpa bure uwanja wa kupuria na ng’ombe wa sadaka, naye akakataa kumtolea Mungu kisichomgharimu kitu, akavilipia shekeli 50 za fedha. Anaanza kunihesabia yote aliyowahi kulitolea kanisa, mwaka kwa mwaka, na hesabu hiyo inakula asubuhi nzima huku watu wengine wakisubiri nje kwenye benchi. Nachukua zinazofaa, namrudishia zilizobaki, na picha namkatalia, kwa kuwa Bwana alikwisha kusema kwamba mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume. Anaondoka amekasirika. Nitamwendea tena, maana naye ni kondoo wa zizi hili.

Mchana, katika wale waliosubiri, anaingia mama mmoja anayefua nguo za watu, na kuweka bahasha mezani. Vidole vyake vimepauka na kuchanika kwa sabuni. Mama huyu mwenyewe yumo katika orodha yangu ya wahitaji, na namwomba arudi nayo nyumbani. “Mwanangu,” ananiambia, “usininyime baraka yangu. Kupokea tu kila siku kunachosha.” Napokea, kwa mikono miwili, na kumwandikia stakabadhi kama ninavyomwandikia kila mtu. Makanisa ya Makedonia, yakiwa katika umaskini mkubwa, yalimsihi Paulo ayaruhusu kutoa, tena zaidi ya uwezo wao. Kumkatalia maskini sadaka yake kwa kumhurumia ni kumwambia kwamba yeye ni wa kuhudumiwa tu, na mimi siamini hivyo.

Baada ya hapo saa sizitazami tena. Ni kutembea nyumba hadi nyumba, kupeleka dawa, kusikiliza habari ileile niliyokwisha kuisikia na kuisikiliza kana kwamba ni mpya, huku miguu ikiuma na kichwa kikiwa kizito. Kutoa fedha ni rahisi kuliko kutoa masikio wakati mwili unataka kulala.

Giza limekwisha kuingia ninapofika kwa mzee aliyepooza. Namkuta kijana mmoja wa kwaya, asiye ndugu yake, ametoka kazini na nguo za kazi bado mwilini, akimgeuza taratibu na kumpaka mafuta mgongoni ili asipate vidonda. Hufanya hivyo kila jioni, kisha hukesha naye ili binti wa mzee apate usingizi. Macho ya kijana yamekuwa mekundu, wala hajaniomba msaada. Jumapili nitaomba kanisani watu wa kupokezana naye zamu za usiku, na zamu ya kwanza nitaichukua mimi.