Jinsi nilivyojifunza kulitumia neno "dearth" mahali pake

Mimi ni katibu wa kikundi cha wafugaji nyuki mkoani Tabora, na kila baada ya miezi mitatu huandika taarifa mbili: moja ya Kiswahili kwa ajili ya wanachama, nyingine ya Kiingereza kwa ajili ya wanunuzi wa asali wanaotoka nje. Katika kuandaa hiyo ya pili ndipo nilipokutana na neno "dearth". Lilikuwa katika kijitabu cha ufugaji nyuki, likirudiwa kila palipozungumziwa miezi ambayo miti haina maua na nyuki hawapati mbochi, yaani ule utomvu mtamu wa maua wanaoutengenezea asali. Kamusi yangu ndogo ilinipa tafsiri moja tu: uhaba. Nililipenda neno lile kwa ufupi wake, nikaanza kuliweka kila mahali ambapo kwa Kiswahili ningesema uhaba, upungufu au hata kukosa.

Niliandika "Sugar is dearth", kwa kuwa kwetu mtu husema sukari ni adimu. Siku chumvi ilipokwisha nyumbani niliandika katika daftari langu la mazoezi "I have dearth of salt". Sikusahihishwa, maana wenzangu kikundini walilijua neno hilo kupitia kwangu.

Kosa lililoniumiza, hata hivyo, lilikuwa la matamshi. Mgeni mmoja alipotutembelea nilimweleza hali ya zahanati yetu, nikamwambia kuna "dearth of nurses", ila nililitamka neno hilo kama "death". Mgeni aliacha kuandika, akanitazama kwa huzuni, akauliza ni wauguzi wangapi waliofariki. Ilinibidi nianze upya kwa maneno mengi, na shida yenyewe, ambayo ni ya kweli na inawagusa kina mama wajawazito wa kijiji kizima, ikapotea katikati ya maelezo. Niliona kwamba neno nisilolimudu linaweza kuwanyima wengine haki ya kusikilizwa, na jioni ile ile nilichukua daftari nikaenda kwa mwalimu mstaafu anayeishi jirani nasi.

Baada ya shikamoo na marahaba alisoma kurasa zangu kwa utulivu, akaishia kwenye sentensi ya chumvi.

"Mwanangu, siku hiyo chumvi iliadimika au ilikwisha?"

"Ilikwisha, Mwalimu. Dukani ilikuwapo tele."

"Basi hilo si neno la jikoni kwako. Andika tu kwamba chumvi imekwisha: 'We are out of salt'."

Swali lile ndilo lililonifungulia njia, kwa sababu tofauti hiyo tunayo tayari katika Kiswahili. Kitu hukwisha kwa mtu mmoja, katika mtungi wake au mfukoni mwake, lakini kinapoadimika huwa kimeadimika kwa watu wengi na kwa kipindi fulani, hata mwenye fedha akakitafuta asikipate kwa urahisi. Kuanzia siku ile, kabla ya kuliandika neno "dearth" nilijiuliza kwanza kama ningeweza kusema "imeadimika" bila kutia chumvi. Maji safi katika kata yetu huadimika mwishoni mwa kiangazi, kwa hiyo nikaandika "There is a dearth of clean water in our ward". Chaji ya simu yangu haiadimiki, huisha.

Mwalimu alinionyesha pia asili ya neno, na hapo ndipo lilipokaa kabisa kichwani mwangu. Limetokana na "dear", neno ambalo wengi wetu tunalijua kama salamu ya kufungulia barua, lakini ambalo maana yake nyingine ni ghali. Likaongezwa "th" mwishoni, kama vile "warm" linavyozaa "warmth". Zamani lilitajwa hasa pale chakula kilipokuwa haba na bei ikapanda, mambo ambayo kila aendaye sokoni anajua kwamba hufuatana. Alinifungulia Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Mwanzo 41:54, ambapo miaka saba ya njaa aliyoitabiri Yusufu inaitwa "seven years of dearth". Biblia yangu ya Kiswahili inasema njaa. Nilipoliona hilo nilielewa kwa nini neno hili linakuwa kubwa mno kwa kopo la chumvi.

Sarufi yake haikunichukua muda mrefu. Ni nomino, wala si kivumishi, kwa hiyo sukari haiwezi kuwa "dearth". Kivumishi kinachofaa ni "scarce". Kwa kawaida hutanguliwa na "a" na kufuatwa na "of", na kitenzi hubaki katika umoja hata kama kinachokosekana ni watu wengi: "There is a dearth of nurses". Nilifurahi zaidi kujifunza namna ya kulikanusha, kwa sababu "no dearth of" humaanisha kwamba kitu kilikuwapo kwa wingi. Baada ya harusi ya binamu yangu niliandika "There was no dearth of food", na wote waliohudhuria watakubali kwamba ni kweli. Katika mazungumzo ya kawaida, lakini, ninatumia "shortage", kwani "dearth" ni la maandishi rasmi zaidi na likisemwa dukani linaonekana limevaa suti.

Matamshi nilijifundisha kwa kuanza na "earth", neno ambalo kila mwanafunzi analijua, kisha kutanguliza sauti ya "d". Nililirudia njiani kwenda kukagua mizinga, kwa sauti, hadi likaachana na "death" kabisa.

Kilichobaki kunitatiza ni kile kijitabu, ambacho kilisema "during the dearth" bila kutaja kilichoadimika. Nilidhani ni kosa la uchapaji. Sasa najua kwamba wafugaji nyuki wanaozungumza Kiingereza hulitumia hivyo kwa maana ya majira yenyewe, ile njaa ya nyuki, wakati makundi yanapokula akiba ya asali, yanapoibiana, na nyuki wetu wa Afrika wanapoweza kuuhama mzinga kabisa. Maana ile ya kale imeendelea kuishi kwenye mizinga.

Katika taarifa yangu ya mwisho niliandika "Two colonies left their hives during the dearth". Nilimpelekea Mwalimu kabla ya kuituma. Aliisoma hadi mwisho bila kugusa kalamu, kisha akauliza kama makundi yale mawili yamerudi. Nikamwambia moja limerudi.