Mazingira ina kazi? Na habari ya kipima joto changu kilichopikwa juani

Kila matokeo ya form six yakitoka inbox yangu inajaa. "Dada nimechaguliwa sayansi ya mazingira, kuna ajira kweli?" Huwa najibu kwa kifupi tu, ila juzi kuna kijana kaniuliza mara tatu, ya tatu kaongezea "au ni kupanda miti tu?" nikasema basi, hii naiandika.

Mie nimelelewa na mwani. Kwetu ni pwani ya mashariki ya Unguja, si mbali na Paje, na mama alianza kufunga mwani miaka michache tu baada ya ukulima wa biashara kuanza huku mwaka 1989, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Ada ya skuli, sare, bati za nyumba, vyote vimetoka kwenye kamba zile. Enzi hizo wakilima aina mbili, mwani mwembamba, ndo spinosamu, na mwani mnene, ndo kotonii, na huo mnene ndo ulikuwa na hela, maana ute wake unaganda vizuri zaidi na wanunuzi wa nje wanautaka sana kwa dawa za meno, vyakula na vipodozi.

Basi nilipokuwa mwaka wa mwisho chuo, nasoma hiyo hiyo sayansi ya mazingira, nimerudi likizo, kichwa kimejaa, nikaanza kumuelezea mama mabadiliko ya tabianchi. Kanisikiliza mpaka mwisho, halafu kasema, "Mwanangu, mnene umeanza kutufia wewe uko darasa la kwanza. Maji ukiingia saa tano utasema ya kumkandia mzazi." Akaendelea kuchambua mchele wake. Nikanyamaza.

Na alikuwa sahihi hata kwa saa aliyoitaja. Huku kwetu siku za bamvua, ndo zile maji yanapokupwa na kujaa kuliko kawaida, maji yanatoka kabisa kwenye saa nne, saa tano asubuhi, kila siku yanachelewa kidogo, kwa hiyo yale maji kiduchu yanayobaki juu ya mchanga yanakutana na jua la mchana kichwani. Mwani mnene unapenda maji ya nyuzi 25 mpaka 30 hivi. Yakizidi sana, au mvua kubwa ikishusha chumvi ghafla, mmea unadhoofika, matawi yanageuka meupe kama yamechovywa chokaa, bakteria wanamalizia, unashika kamba na mwani unakukatikia mkononi. Wataalamu wanauita ugonjwa wa ice-ice, jina la ajabu kwa kitu kinacholetwa na joto, lakini ndo hivyo. Joto la bahari likipanda nyuzi moja tu kwenye maji marefu samaki anaweza kwenda chini zaidi, mwani umefungwa kwenye kamba utaenda wapi?

Basi nikaamua utafiti wangu wa mwisho uwe huo. Nikaazimwa vidude vya kupimia joto, vidogo kama kifuniko cha chupa, unakifunga kwenye kigingi kinarekodi chenyewe kila baada ya dakika kumi. Nikavifunga vinne, nikarudi mjini najiona profesa. Baada ya mwezi nafungua data kwenye kompyuta naona nyuzi 41. Arobaini na moja! Mie nshaanza kuandika sentensi za kutisha, msimamizi wangu kaangalia grafu kaniuliza taratibu, "hii bahari au chungu?" Kumbe nilivifunga juu mno, maji yakitoka vinabaki nje vinapigwa jua, nimepima jua la Unguja mwezi mzima. Mama alipoona vigingi nilivyochagua alicheka mpaka kakaa chini, "ungeniuliza, hapo hata kaa hakai." Tukavishusha pamoja, na data za zamani nikazisafisha kwa jedwali la maji kupwa na kujaa, saa zote ambazo kidude kilikuwa nje nikafuta, imenichukua wiki mbili na macho yaliuma.

Nimeisimulia hiyo kwa sababu kazi yenyewe ndo hiyo kaka, unayeuliza kuhusu miti. Kupima, kukosea, kupima tena, kukaa na Excel usiku, halafu kukaa na watu wazima wanaoijua bahari kuliko wewe na kuandika wanachosema kwa namna ambayo mtu wa ofisini hawezi kukipuuza. Mama alijua zaidi ya miaka kumi kabla yangu ila neno lake halikuwa na tarehe wala namba, kwa hiyo halikuingia kwenye ripoti ya mtu.

Halafu kuna sehemu ambayo darasani wanaipita haraka. Suluhisho la mwani mnene linajulikana, upeleke maji marefu ambako ni baridi, Dk. Flower Msuya, mtafiti wa mwani, na wenzake wamehangaika na hilo miaka mingi, wakajaribu nyavu za mrija, mwani unatiwa ndani yake, badala ya kufunga shina moja moja. Safi kabisa. Lakini maji marefu yanataka chombo na yanataka kuogelea, na wakulima wa mwani wengi ni wanawake ambao hawakufundishwa kuogelea, mama yangu miaka yote baharini na maji yakimfika kifuani anarudi. Sasa hilo ni suala la sayansi ya mazingira au la? Mie nasema ni hilo hasa, na ukienda na ramani nzuri bila kujua hilo mradi utachukuliwa na wanaume wenye ngalawa na kina mama watabaki na mwembamba wa bei ya chini.

Ajira sasa. Serikalini nafasi zipo ila chache, taasisi za kusimamia mazingira, NEMC kwa bara na ZEMA kwa huku Zanzibar, mamlaka ya hali ya hewa, halmashauri. Tathmini za athari kwa mazingira zinaajiri wengi kuliko watu wanavyodhani, kila hoteli kubwa au kiwanda kinatakiwa kufanyiwa, ila ukianza utakuwa mbeba mafaili wa mtaalamu aliyesajiliwa, na kuna wanaokutaka usifie mradi kabla hujauona, hapo uamuzi ni wako. Miradi ya mashirika inalipa vizuri ila mradi ukiisha na wewe umeisha, mie nishakaa miezi saba nyumbani nafunga mwani na mama, degree iko kabatini. Wenzangu waliopata haraka ni waliojua ramani za kompyuta na takwimu, jifunze QGIS mapema, ndo programu ya kuchorea ramani, ni ya bure, usisubiri mwalimu.

Kwa hiyo kaka, kazi ipo, haipo pale ulipoiweka kichwani. Bamvua linaanza Jumamosi, nina vidude sita vya kushusha na mikono miwili tu. Kama unataka kuona njoo, nauli yako mwenyewe, chakula kwa mama, na uvae viatu vya kuingilia majini maana miiba ya huko chini haijali umesoma wapi.