Stella Dallas na mama aliyechekwa

Jamani, tangu nitazame Stella Dallas sina raha. Ni filamu ya Marekani ya mwaka 1937, nyeusi na nyeupe, aliyoiongoza King Vidor. Stella, binti wa familia ya wafanyakazi wa kiwanda, anaolewa na Stephen, mwenye cheo palepale kiwandani na aliyelelewa kitajiri. Mapenzi yapo mwanzoni, lakini mume anaona haya: mke anacheka kwa sauti, anavaa mavazi ya kung'aa kupita kiasi. Wanatengana.

Kilichonikaba koo ni treni. Usiku, wasichana wanamsengenya mwanamke mmoja waliyemwona hotelini, wanamcheka mavazi yake. Ni Stella huyo, na bintiye Laurel anayasikia yote. Mama naye anasikia, ila anajifanya amelala. Mtoto anahamia kitandani kwa mama yake, anajilaza karibu naye bila kusema neno. Hapo nililia, na sioni aibu kusema.

Baadaye Stella anajifanya hamtaki mwanawe ili akaishi kwa baba na mke mpya, apate maisha bora. Wengi husifu uamuzi huo. Mimi unaniuma, kwa sababu Laurel hakuwahi kumwonea mama yake haya kiasi cha kumwacha. Walioshindwa ni wakubwa wenye pesa.

Barbara Stanwyck na Anne Shirley, mama na binti humo, waliteuliwa wote kuwania Oscar, wakakosa wote. Mlioiona, ninyi mngemwacha mtoto aende?