Magazijuto ilivyoniumbua

Jumatano, saa nne usiku

Leo binti yangu amerudi na daftari la hesabu, akaliweka mezani bila kusema neno. Huyo akinuna hapigi kelele. Nikalifungua mwenyewe. Swali la sita: 10 − 3 + 2. Jibu: 5. Pembeni, alama ya kosa ya wino mwekundu, ndefu mpaka imegusa swali la saba.

Shida ni kwamba ile tano si yake, ni yangu. Jana usiku nikiwa nageuza chapati aliniuliza, "Mama, hapa naanza na ipi?" Nikamjibu bila hata kugeuka: "Magazijuto, mwanangu. JU iko kabla ya TO. Jumlisha kwanza." Akajumlisha 3 na 2, akaitoa 5 kwenye 10. Alinitii tu.

Kwa ambao hawakupitia shule zetu za msingi Tanzania: Magazijuto ni mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Silabi za mwanzo zimeunganishwa likawa neno, na neno lenyewe lina utamu wake mdomoni. Milima na mito ya jiografia nimeshaisahau mingi, hili halijatoka. Miaka yote nimelichukulia kama foleni ya benki, kila mmoja na zamu yake. Kumbe JU na TO wanakaa kiti kimoja. Wakikutana wenyewe kwa wenyewe, unasoma kutoka kushoto kwenda kulia, na anayeanza kuonekana ndiye anayeanza kufanyiwa kazi. GA na ZI nao ni hivyo hivyo.

Nimekaa na karatasi hapa najiuliza mbona zamani nilikuwa napata vema. Nadhani nimeona. Ukitanguliza GA, jibu haliharibiki: 6 × 8 ÷ 4 ni 12, uzidishe kwanza au ugawanye kwanza. Balaa liko kwa JU, na lenyewe linakuja pale tu alama ya kutoa inapotangulia. Kwenye 10 + 3 − 2 hutaumbuka. Nikajaribu hata kuligeuza neno liwe Magazitoju. Linafanya kazi, ila kwenye 4 + 3 − 5 mtoto anaanza na 3 − 5, na namba hasi bado hajafundishwa. Nikaliacha.

Jioni nilitaka kumwambia "kushoto kwenda kulia" yaishe. Lakini hiyo ingekuwa sheria nyingine ya kukariri juu ya ile iliyomponza. Nikachukua pochi.

"Una elfu kumi. Umenunua mafuta ya kula ya elfu tatu. Njiani umekutana na babu, akakupa elfu mbili. Una ngapi?"

"Elfu tisa."

"Mbona hukujumlisha tatu na mbili kwanza?"

Akanitazama kama nimechanganyikiwa. "Mama, ya babu si nimepewa? Sasa naitoaje?"

Basi. Alama ya kutoa imeishika 3 peke yake, 2 haihusiki. Nikamuuliza, ili upate tano ingekuwaje? Akafikiri, akichezea kifuniko cha kalamu. "Ningenunua mafuta ya elfu tatu na sukari ya elfu mbili." Nikamwandikia 10 − (3 + 2), nikamwambia mabano ndiyo mfuko wa dukani: vilivyomo ndani vinahesabiwa pamoja, halafu vinalipiwa mara moja.

Mtoto wa kaka yangu, aliyeko kwetu wiki hii, akadakia kwamba wao kwenye shule yao ya Kiingereza wana BODMAS, Magazijuto yao ya Kiingereza. Ugonjwa ni uleule. Huko nako kujumlisha kumeandikwa kabla ya kutoa, na wajanja wanaingia mtegoni vilevile. Ila yeye alikuwa na lake. "Shangazi, mbili jumlisha tatu mara nne, kalkuleta ya dukani inasema ishirini, simu yako inasema kumi na nne. Ipi mbovu?"

Swali zuri kuliko yote ya leo. Hakuna mbovu. Ile ndogo ya dukani inafanya kazi kila unapobonyeza: umeshampa 2 + 3, ameshapata 5, ukimletea × 4 anakupa 20. Simu inasubiri uandike yote, ndipo inaanza kwenye kuzidisha. Lakini kwa nini kuzidisha ndiko kuanze? Hapo nikaenda jikoni. Maandazi mawili kwenye sahani, na mifuko mitatu yenye manne manne. Akahesabu kwa kidole, kumi na manne. 3 × 4 ni 4 + 4 + 4 iliyoandikwa kwa kifupi, kwa hiyo ukikimbilia kujumlisha 2 na 3 umejumlisha maandazi na mifuko. Alicheka sana hapo, akala mawili ya sahani, akasema sasa jibu ni kumi na mbili.

Binti yangu alikuwa kimya anaandika masahihisho. Alipofika swali la sita akanyanyua kichwa. "Mwalimu akiuliza nani alinielekeza, nimwambie ni wewe?"

Nimemwambia amalize akalale.