Robo mwaka na mbalamwezi: nilivyopanga upya marejesho ya watu wa dagaa Kigoma

Ukikopesha watu wa dagaa hapa Kigoma huku unapanga marejesho kwa tarehe za benki, taarifa yako ya robo mwaka itakudanganya. Niliyasema haya kwenye kikao cha wanahisa mwezi Oktoba 2024, mbele ya binamu yangu mhasibu aliyetoka Dar na kompyuta mpakato mkononi, na sikumung'unya maneno.

Kampuni ya mikopo ninayoiendesha ni ndogo. Tuna leseni ya daraja la pili ya BoT (Benki Kuu), la wakopeshaji wasiopokea amana, chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Ofisi iko Mwanga, maafisa mikopo ni watatu, na wanahisa karibu wote ni ukoo: shangazi, baba mdogo, na mwalimu mstaafu mmoja aliyeleta kipande cha kiinua mgongo chake na sasa anapiga simu kila Ijumaa kukijulia hali. Riba yetu haivuki asilimia 3.5 kwa mwezi kwa sababu huo ndio ukomo wa BoT. Wale wa kausha damu, wakopeshaji wa mitaani, wao hawana ukomo, na televisheni za watu wanabeba. Fedha zilizoko kwa wateja ni milioni mia na hamsini na ushee, zaidi ya nusu kwa wenye mitumbwi, wanawake wenye chanja za kuanikia dagaa Katonga na Kibirizi, na wachuuzi wanaosafirisha dagaa wakavu kwenda Dar.

Sasa dagaa anavuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwaka, dagaa hawakusanyiki kwenye taa, mitumbwi inalala mwaloni, pale inapotia nanga, wiki nzima au zaidi, na mama mwenye chanja hana cha kuanika. Rejesho la tarehe 30 halijali hayo. Desemba 2023 mwezi ulipevuka tarehe 27, sisi tukafunga vitabu tarehe 31. Machi 2024 ukapevuka tarehe 25, vitabu vikafungwa tarehe 31. Robo mbili mfululizo malimbikizo ya marejesho yaliyochelewa yakaonekana ya kutisha, na baba mdogo akaanza kuuliza maafisa wangu wanaishi kwenye nyumba za namna gani.

Binamu alikuwa na dawa tangu Januari. "Dada, wape wateja wote wiki moja ya kupumzika kila mwezi, mambo yatakaa sawa." Wote! Wanahisa wakampigia makofi, basi tukafanya. Habari ilifika sokoni kabla sijafunga ofisi. Afisa wangu akienda kwa mwenye duka la vitenge, anaambiwa mwezi umetoka. Fundi cherehani, mwezi umetoka. Kijana wa bodaboda tuliyemkopesha matairi akamwambia bila aibu, "Kaka, huoni mbalamwezi hiyo? Biashara imelala." Kijana anaendesha mchana! Muuza chipsi mmoja wa Gungu ndiye aliyenimaliza: alidai kwenye mwanga wa mwezi watu wanakula nyumbani. Nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha nikaifuta ile wiki ya mapumziko. Binamu alipopigiwa simu alisema wazo lilikuwa zuri, utekelezaji ndio mbaya. Wahasibu bwana.

Dawa yenyewe niliiona ukutani kwa mteja, Katonga. Ni kalenda ya msikitini, ile yenye tarehe mbili kila siku, ya kizungu kubwa na ya Kiislamu ndogo pembeni. Yule mama alikuwa ameizungushia kalamu nyekundu kuanzia 10 hadi 18 za mwezi mwandamo. Nikamuuliza ni za nini. "Siku za njaa hizo, mwanangu. Usije." Nikaomba niipige picha. Mwezi mwandamo unaanza na hilali, tarehe 14 na 15 ndipo mbalamwezi imejaa, na kuanzia ishirini na kitu hadi siku za mwanzo za mwezi unaofuata ni giza, yaani ndipo fedha ziko mwaloni. Mkristo, Mwislamu, asiyeswali, wote ziwani wanaifuata hesabu hiyo hiyo.

Basi tukaweka rejesho mara mbili: tarehe 25 na tarehe 4 za mwandamo. Programu yetu ya mikopo ikagoma, inajua wiki na mwezi wa kizungu tu, na fundi wake alitaka laki kadhaa kuirekebisha. Nikamwambia abaki na laki zake. Kila mkopo wa dagaa tunaingiza tarehe moja moja kwa mkono kutoka kwenye kalenda. Mkopo wa miezi mitatu una mistari sita, afisa anamaliza kabla chai haijapoa. Ila safari hii si wa kila mtu. Lazima afisa aione chanja kwa macho, aone dagaa wameanikwa, na jina liwe kwenye daftari la BMU, kikundi kinachosimamia mwalo, kama mtu anasema ana mtumbwi. Muuza chipsi hakupita.

Ndani ya miezi miwili ya mwandamo maafisa waliacha kukimbizana na watu. Zamani walikuwa wanapanda Kibirizi kutwa wanarudi na ahadi.

Halafu ziwa likafungwa. Tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka Tanganyika, samaki wapumzike wazaliane. Nasema wazi naunga mkono, dagaa walikuwa wamepungua kila mtu anaona. Kwa kuwa tulijua mapema, mikopo mipya ya mitumbwi tuliipunguza muda iishe kabla ya Mei. Wanawake waliokuwa na magunia ndani waliyauza kwa bei nzuri na wakalipa hata bila kudaiwa. Wenye mitumbwi ndio waliokwama. Kufikia 30 Juni, karibu theluthi ya fedha zote ilikuwa imechelewa zaidi ya siku 30.

Hapo binamu akaja na ushauri wa pili, na huu ndio uliobaki kunichoma. "Wape mkopo mpya wafunge wa zamani. Vitabu vitakuwa safi." Naujua mchezo huo tangu nilipokuwa karani wa benki: mteja hapewi hata shilingi, anasaini tu karatasi, deni la zamani linazaliwa upya likiwa na siku sifuri. Robo ya Julai hadi Septemba ingeonyesha faida ya milioni nne na kitu, riba yote ikiwa ya kwenye makaratasi, na juu ya faida hiyo hewa tungedaiwa kodi ya kampuni asilimia 30. Kodi hailipwi kwa makaratasi.

Nilichofanya ni kuwapangia upya ratiba kuanzia giza la kwanza baada ya ziwa kufunguliwa, bila ada, bila kuongeza deni, na siku za kuchelewa zikaendelea kuhesabiwa pale pale zilipofikia. Kwenye ripoti nikawawekea mstari wao wenyewe, "walioathiriwa na kufungwa kwa ziwa", mtu yeyote auone. Mikopo iliyopita siku 90 tuliihesabu yote kama hasara.

Matokeo ya robo yakawa hivi, kwa kukadiria: riba iliyoingia kama milioni 12; mishahara, pango na mafuta ya pikipiki 9; riba ya benki inayotukopesha 3; fedha iliyotengwa kwa mikopo chechefu, ile isiyolipika, 6. Hasara milioni sita. Shangazi alishika kichwa. Binamu akafungua kompyuta aonyeshe vitabu vyake "safi". Nikamwomba shangazi afungue daftari la fedha taslimu, lile la kuandika kwa mkono, asome kwa sauti marejesho ya Septemba. Akasoma. Alipofika siku za giza za mwisho wa mwezi, ukurasa ulijaa ukavuka wa pili. Waliochelewa zaidi ya siku 30 walikuwa wamepungua kwa zaidi ya nusu tangu Juni, na ni fedha zilizohesabiwa kaunta. Akamgeukia binamu: "Baba, hizi zako ziko wapi, tuzihesabu?" Hakujibu. Gawio halikuwepo mwaka huo, na hilo walilikubali kwa shingo upande. Mwalimu mstaafu ameongeza simu ya Jumanne.

Kuna waliosema tuachane na ziwa, tukopeshe watumishi tu, mshahara unakatwa juu kwa juu. Tunao kadhaa, ni wazuri. Lakini mtumishi lazima abakiwe na theluthi ya mshahara, na wengi wa hapa theluthi mbili zilishaondoka na mabenki zamani. Huko ni kugombania mfupa.

Kuhusu robo zilizofuata niliwaandikia wanahisa mambo machache. Desemba 2024 mwezi mwandamo ungeishia siku ile ile tunayofunga vitabu, kwa hiyo malimbikizo yangependeza kuliko Desemba 2023. Sehemu ya uzuri huo ingekuwa giza tu, wasinipongeze sana. Januari kuna ada za shule, maombi yangekuwa mengi na ningeyakata nusu. Mwisho wa Machi 2025 ulikuwa giza pia, ila Idd iliangukia hapo hapo, na fedha ya mwaloni ingekwenda kwenye kanzu na viatu vya watoto kabla haijafika kwetu. Kwa hiyo rejesho la tarehe 25 la Ramadhani nililirudisha nyuma hadi 22. Wateja wa Ujiji walilalamika. Na mikopo ya mitumbwi niliamua isivuke Mei kabla sijasikia kama ziwa linafungwa tena.