Hamsini bado ni mbio

Jana nilikuwa mwalimu wa zamu, kwa hiyo saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilishasimama kando ya lami. Mtoto wa darasa la kwanza, ufagio mkono huu, kidumu cha maji mkono ule, alingoja malori matatu yapite. Upepo wa la nne ukampokonya ufagio. Akachomoka kuufuata. Nilimdaka kwa kola ya shati.

Kibao chetu cha mwendo kinasema kilomita 50 kwa saa. Azimio la Stockholm la 2020, lililotoka kwenye mkutano wa dunia wa usalama barabarani, linataka 30 pale waenda kwa miguu wanapochangamana na magari. Nami naitaka hiyo 30, na matuta juu yake, maana kibao peke yake hakimzuii dereva anayeshuka mlima.

Leo mama yake kamleta mwenyewe, kamshika kifundo cha mkono.